Kwa nini siku hizi siulizi "unaishi kwa ajili ya nini?"

Kwetu mtu akisema "nina mawazo", hakuna anayedhani ana fikra nzuri. Tunajua kalemewa. Washona wa Zimbabwe wana neno kama hilo, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ndilo linalotumika kwenye Mabenchi ya Urafiki, mahali pa kukaa na kusimulia yanayokulemea, aliyoyaanzisha daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006 kule Mbare, Harare, akiwa na bibi 14 wa mtaani waliofundishwa kusikiliza. Bibi hasemi "una sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Anakuacha umwage yote, kisha anakuomba uchague moja. Moja tu, na hatua ambayo utaiweza kabla hamjaonana tena.

Mimi ni mshauri nasaha, na kwa miaka nilifanya kinyume. Nilikuwa nauliza: nini kinakufanya uendelee? Darasani swali linapendeza. Mtu aliyechoka analisikia kama mtihani, na akikosa jibu anatoka mzito kuliko alivyoingia.

Sonona inakula hamu. Ndiyo maana ukisubiri hamu irudi ndipo uamke, utalala mpaka Idi. Aliyejifungia ndani anakosa salamu, anakosa utani wa dukani, anakosa hata hela ndogo ya siku. Kukosa huko kunamkandamiza, naye anajifungia zaidi. Moyo hauamrishwi, lakini mikono bado inasikia. Tunaanzia mikononi.

Mama lishe mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) alikuja na mikopo miwili ya kausha damu, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango, na kiuno kinauma. "Sioni mbele," alisema. Nilimuuliza kwanza, wazi, kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Na angesema ndiyo, asingeachwa peke yake, tungekwenda hospitali siku hiyohiyo. Alisema hapana, amechoka tu.

Nikamuuliza: wiki hizi, ni saa ngapi uliwahi kusahau kidogo kwamba umechoka? Alikaa kimya muda mrefu. Akasema zamani, alfajiri, alipokuwa akikanda unga wa chapati na jirani anapita kuomba kaa la moto. Chapati alishaziacha, unga umepanda bei.

Tukakubaliana kilo moja, siku mbili kwa wiki. Deni hatukuligusa. Najua inasikika kama mzaha, mtu anadaiwa nawe unamwambia akande unga! Lakini jirani alirudi na kipande chake cha kigae kuchukua moto, na wiki ya tatu ndiye aliyemsindikiza kwa wakopeshaji kuomba marejesho yagawanywe. Mmoja alikubali. Wa pili alimfokea.

Utafiti wa Harare uliochapishwa mwaka 2016 uliwashirikisha watu 573. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa takriban 14 kati ya kila 100 waliokaa benchini, na kwa 50 kati ya kila 100 waliopata huduma ya kawaida. Benchi halikumlipia mtu kodi ya nyumba.

Nilipomuuliza mama yule juzi anaamkaje siku hizi, alicheka. "Nisipowasha jiko, yule jirani atagonga mlango mpaka watoto waamke." Mkopeshaji wa pili bado anapiga simu.