Ukiingia kwenye akwaria ya Mwanza, anza na furu

Wageni wengi wanaoingia kwenye chumba kidogo cha samaki hai ninakopeleka wanafunzi hapa Mwanza hukimbilia tangi la sangara. Nawaelewa. Ni samaki mkubwa, ana jina, na ametusomeshea watoto. Lakini kazi yangu ni samaki wa ziwa hili, nami nakuomba umpite. Hata kwa kamongo usikae sana. Msubiri tu apande juu kuvuta hewa, maana ana mapafu, na akizuiwa kupanda anakufa maji. Kisha nenda kwa furu.

Utakuta visamaki vya urefu wa kidole vikizunguka kwenye mawe. Wengi tunawajua kama chambo cha ndoano za sangara. Kumbe hao ndio wenye ziwa. Ziwa Victoria lilikauka takribani miaka 15,000 iliyopita, na tangu lijae tena furu wamegawanyika hadi kufikia aina zaidi ya 500, karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono, na wapo wanaoishi kwa kula mayai na vifaranga vya furu wenzao.

Sogea karibu na kioo. Mtafute jike aliyevimba kidevu, asiyegusa chakula wenzake wanapogombania. Ana mayai mdomoni. Atayaatamia humo wiki mbili hadi tatu, na hata vifaranga vikishatoka, hatari ikitokea vinarudi mbio mdomoni mwa mama. Sasa mtazame dume: kwenye pezi la chini, karibu na mkia, ana madoa ya njano ya mviringo. Jike akitaga huyaokota mayai yake upesi, kisha huyadonoa na yale madoa kana kwamba nayo ni mayai. Hapo ndipo anapovuta mbegu za dume, mayai yakarutubika mdomoni. Nimeliona mara nyingi, na kila mara nasimama kuangalia hadi mwisho.

Kwenye mawe hayohayo kuna ndugu wawili: dume wa aina moja ana mgongo mwekundu, wa aina nyingine ni wa buluu. Yule mwekundu ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Majike wao wanafanana mno, na jike humjua dume wa kwao kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mwanga ukibadilishwa rangi zisitofautike, jike hachagui tena. Mwombe mhudumu afunike taa kwa karatasi ya nailoni ya rangi ya chungwa. Yule wa buluu anakuwa mweusimweusi mbele ya macho yako.

Ziwani nailoni hiyo ni tope. Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu kiasi, wekundu na wa buluu wamebaki aina mbili. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji yamechafuka, na huko utawakuta wa katikati, machotara.

Nalisisitiza hili kwa sababu watoto wetu huambiwa hadithi ya sangara peke yake: aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akafumuka miaka ya 1980, na aina zipatazo 200 za furu zinadhaniwa kutoweka. Ni kweli. Ila wanaondoka wakiamini mambo yalikwisha kabla hawajazaliwa. Udongo unaosombwa na mvua kutoka mashambani, mbolea na majitaka ya mji vinalisha mwani na kuziba mwanga hadi leo. Na furu hawajakata tamaa. Baadhi walianza kurudi miaka ya 1990, na mmoja wao, Yssichromis pyrrhocephalus, amerudi na matamvua makubwa kuliko ya wale waliohifadhiwa kabla sangara hajatawala, yanayomfaa kwenye maji yenye oksijeni kidogo.

Ombi langu kwa wanaoendesha vyumba vya namna hii: jina la Kilatini peke yake halitoshi kwenye kibao. Andikeni pia furu huyo alivuliwa wapi, kina cha mita ngapi, na hapo jicho linaona umbali gani majini. Taarifa hizo zipo kwenye madaftari ya waliowavua, na mtoto wa Igombe au Luchelele atapajua mahali hapo bila kuonyeshwa ramani.