Avocat: wakili na parachichi si neno moja

Wengi waliojifunza Kifaransa huamini kwamba avocat ni neno moja lenye maana mbili, wakili na parachichi, na kwamba tunda lilipewa jina la mwanasheria. Ni rahisi kuamini hivyo, kwani tahajia ni ileile na matamshi ni yaleyale.

Lakini asili zao ziko mbalimbali. Avocat wa mahakamani ametoka katika Kilatini advocatus, yaani aliyeitwa aje kusaidia. Tunda limetoka Mexico: wasemaji wa Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa huko, waliliita ahuacatl, Wahispania wakasema aguacate. Hapo ndipo imani hii inapopata chembe ya ukweli, maana neno la zamani la Kihispania la wakili, avocado, lilifanana na aguacate kwa sauti, likalivuta upande wake, hadi Kifaransa kikasema avocat. Kilichoazimwa ni sauti tu. Sisi nasi tuna paa la nyumba na paa wa porini.

Fungua kamusi nzuri ya Kifaransa: utayakuta maneno haya mawili yameorodheshwa mbalimbali, kila moja na asili yake. Au tazama jamaa zao. Wakili wa kike ni avocate. Mparachichi ni avocatier. Sokoni Bukavu, mashariki mwa Kongo, anayeomba avoka mbili, yaani parachichi, hubonyezewa tunda, haulizwi kesi.