Mkinzano Umekaa Wapi?

Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliwahi kuandika "deafening silence", yaani kimya kinachoziba masikio, kuwa "kelele za kuziba masikio". Nikamuuliza, kimya kimekwenda wapi? Akajibu kwamba amerekebisha kosa la mwandishi, maana kimya hakizibi masikio. Kumbe utamu wote ulikuwa hapo hapo alipofuta.

Wengi hukariri majina ya tamathali hizi za usemi, zote zenye mkinzano ndani yake: oksimoroni, kweli kinzani, tanakuzi, kinaya. Mtihani ukipita, yote yanachanganyika. Mimi huuliza swali moja tu: mkinzano umekaa wapi?

Ukikaa kati ya maneno mawili yanayogusana, hiyo ni oksimoroni. "Open secret" ni siri ambayo kila mtu anaijua, ila hakuna anayeitamka hadharani. "Bittersweet" imeshona uchungu na utamu katika neno moja kabisa. Na jina oksimoroni lenyewe limeunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la ukali wa makali, jingine la ubutu na upumbavu. Jina limejifanya mfano wake, sijachoka kulifurahia.

Kauli nzima ikijipinga, halafu ukiitafakari ukakuta ina ukweli, hiyo ni kweli kinzani: "less is more", kichache ndicho kingi. Anayejua kwamba wagombanao ndio wapatanao hana haja ya maelezo marefu.

Tanakuzi ndiyo inayoonewa. Mwaka 1969, Neil Armstrong alipokanyaga mwezi, alilinganisha hatua ndogo ya mtu na mruko mkubwa wa binadamu wote. Hakuna kinachojipinga hapo. Pande mbili zimewekwa zitazamane tu, kama tamaa mbele, mauti nyuma. Kuitia kapu moja na kweli kinzani ni uvivu.

Kinaya hakisumbui: mkinzano uko nje ya maneno, kati ya kisemwacho na hali ilivyo. Mvua inamwagika, mtu anasema "lovely weather", hali ya hewa nzuri ajabu.

Mtego uko kwenye "pretty ugly". Inafanana na oksimoroni, lakini "pretty" hapa ni kielezi, haina urembo wowote. Maana yake ni "baya kwelikweli". "Awfully kind", yaani mwema sana, nayo ni hivyo hivyo: "awful" ilibeba hofu zamani, leo "awfully" ni "sana" tu.

Mwanafunzi yule yule, akiwa ameshaiva kwa oksimoroni, aliniletea "mrembo mwenye sura mbaya". Safari hii nilimwambia arekebishe.