"Siyo Orijino": Ninayoyasikia Kila Ijumaa Kuhusu Lenzi

Ijumaa ndiyo siku yangu ya foleni. Wapiga picha wa harusi wanakuja dukani kwangu kukodi lenzi za Jumamosi, na wengine wanaleta mbovu wakitaka zitengenezwe papo hapo, utadhani nakaanga chapati. Ijumaa iliyopita kijana mmoja alitaka zumu ya f/2.8 ya Sony, yaani lenzi ya kuvuta karibu na mbali yenye tundu pana la mwanga. Zilikuwa zimeisha, nikampa Tamron 28-75, zumu ya kampuni nyingine inayofunga kwenye kamera hizohizo (namba ni milimita za urefu wa fokasi). Akaigeuza, akasoma jina, akairudisha mezani kwa vidole viwili kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Fundi, hii siyo orijino. Mimi nina harusi ya watu wazito."

Jamani. Kauli hii nimeisikia hadi masikio yameota sugu, basi leo tuimalize.

Feki ni kitu kilichobandikwa jina la mwingine. Tamron imeandikwa Tamron. Kampuni ipo Japani tangu 1950, na Sigma, watengeneza lenzi wenzao, tangu 1961. Sigma wanatengeneza lenzi zao zote Aizu, mkoa wa Fukushima, wakati lenzi nyingi za Nikon mnazozikumbatia zinatoka Thailand. Sisemi Thailand ni pabaya, nasema tu kwamba hamjawahi kuuliza. Na kama mnadhani Sony wanaibiwa, Sony wenyewe wana hisa kubwa ndani ya Tamron, na mwaka 2011 walifungua maelezo ya maunti yao ya E, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, ili kampuni nyingine zitengeneze lenzi zake. Dereva wa Noah akiwekewa plagi za Denso hasemi amewekewa feki. Kwa nini mpiga picha aseme?

Hili sasa ndilo linalonichosha kuliko yote. Mwaka 2018 Tamron walitoa 28-75 f/2.8 ya kwanza ya maunti ya E: vioo 15 katika makundi 12, filta ya milimita 67, gramu 550. Desemba 2021 Nikon wakatangaza Z 28-75 f/2.8 yao: vioo 15 katika makundi 12, filta ya milimita 67, gramu 565. Weka michoro ya vioo vyake kando kwa kando, utahangaika kutafuta tofauti. Bodi ya nje, maunti na programu ni vya Nikon, ndiyo, lakini njia ya mwanga ni ileile. Nina mteja anayeiapia hiyo Nikon, na Tamron hataki hata kuigusa. Nilimwonyesha michoro yote miwili, akaniambia "lakini ya Nikon ina rangi nzuri zaidi". Nikamwachia hapo.

Sisemi kwamba ziada ya bei ni bure. Sony 24-70 GM (daraja lao la juu) toleo la pili, la 2022, ilitoka kwa karibu dola 2,300. Tamron 28-75 toleo la pili, lililotangulia mwaka mmoja, lilitoka kwa dola 899. Tofauti hiyo inanunua vitu, ila siyo vile mnavyovidhani. Inanunua milimita nne za upana: kwenye 24 unaona digrii 84, kwenye 28 unaona 75. Katika ukumbi wa Mlimani City hutaisikia. Katika sebule ya Sinza, bibi harusi akivalishwa na shangazi sita, mgongo wako utagonga kabati. Inanunua kasi pia: Sony A1 inapiga picha 30 kwa sekunde, lakini ukiifunga lenzi ya kampuni nyingine inashuka hadi 15. Na kwenye maunti ya E, zumu ndefu za Sigma na Tamron hazipokei telekonveta, kile kipande cha katikati kinachovuta picha karibu zaidi. Kwa hiyo kama kazi yako ni kukaa nyuma ya goli Simba wakicheza na Yanga, lipa hiyo pesa wala usinung'unike. Ila wewe wa harusi, picha 30 kwa sekunde za nini? Keki haikimbii.

"Hizi lenzi fokasi yake haitulii." Uvumi huu una mzazi, siukatai. Kwenye DSLR, zile kamera za dijitali zenye kioo cha kuakisi ndani, kihisi cha fokasi kilikaa peke yake chini ya kioo hicho, na kamera iliiamuru lenzi isogee kiasi fulani. Sigma na Tamron walilazimika kuijifunza lugha ya EF, maunti ya DSLR za Canon, kwa kuchunguza mawasiliano ya kamera na lenzi, maana hawakupewa. Lenzi ikikosea kidogo tu, fokasi inaangukia mbele au nyuma. Mwenyewe nimewahi kupiga bwana harusi kwa lenzi moja, sitaji ya nani, masikio yakatoka makali na macho kama amelia. Ndiyo maana Sigma walitoa kifaa cha USB cha kurekebisha fokasi mwaka 2013, na Tamron nao wakafuata na chao. Kwenye mirolesi, kamera za sasa zisizo na kioo hicho, fokasi inapimwa juu ya sensa ileile inayopiga picha, kwa hiyo kosa lile halina pa kukaa. Mnarithishana malalamiko ya kamera mlizokwisha kuuza.

"Inaunguza kamera." Hapana. Lenzi kadhaa za zamani za Sigma zilikataa kuelewana na Canon za dijitali, zikaleta ujumbe wa hitilafu, Err 99. Kukataa siyo kuunguza: unavua lenzi, kamera inaendelea na maisha. Ukipata Err 01, kwanza futa vile vidoti vya kugusana na kamera nyuma ya lenzi kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo. Jasho na chumvi ya bahari ni wabaya kuliko Sigma yoyote.

"f/2.8 yao siyo f/2.8 kamili." Namba ya f ni uwiano wa urefu wa fokasi na tundu, haijali nembo. Upo mwanga mdogo unaopotea ndani ya vioo, na unapotea kwa wote.

"Kampuni nyingine wanaiga tu." Mwaka 2012 Canon walitoa 24-70 f/2.8L toleo la pili bila kitulizo cha mtikisiko. Mwaka huohuo Tamron wakatoa 24-70 f/2.8 yenye kitulizo. Nikon wao walisubiri hadi 2015.

"Nitanunua Canon R, halafu nitafute zumu ya bei nafuu." Mdogo wangu, uliza kabla ya kulipa. Canon walibana maunti ya RF, ya hizo kamera za R, kwa miaka, na leseni walizowapa Sigma na Tamron mwaka 2024 zilianza na lenzi za sensa ndogo, APS-C. Mimi siku zote nasema chagua lenzi kwanza, kamera baadaye. Hawanisikii.

"Ya bei kubwa haishiki fangasi." Fangasi hasomi bei. Pwani hii unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 siku nyingi, mkoba uliofungwa chini ya kitanda unageuka kitalu, na nimefungua lenzi za mamilioni zenye utando kama wa buibui. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, silika jeli (vile vifuko vya kunyonya unyevu) na kipima unyevu, ukae kati ya asilimia 40 na 50. Vyote vitatu havifikii nauli ya kwenda Bagamoyo na kurudi kwa Bolt.

Yule kijana aliichukua Tamron baada ya kuzunguka maduka mengine mawili. Jumatatu akairudisha, na habari ya orijino hakuigusa. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimepotea, nikamkata elfu kumi.