Ana nafuu, hajapona

Kauli ya "ameshapona" nimeisikia tena juzi, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mwanamke katolewa kizazi siku 12 zilizopita, wageni wanakuja kumjulia hali, na kabla hajafungua mdomo ndugu wanamjibia: "Huyu ameshapona, kidonda kimefunga." Jioni yake kashika ndoo.

Kupona ni mwili kurudia uzima wake. Kupata nafuu ni hali kuwa bora kuliko ilivyokuwa. Hayo kila mtu anayajua akiulizwa, ila hayakumbuki akisema.

Sehemu ya lawama naitupia "pona" lenyewe, maana limebeba mizigo miwili. Gari likipinduka na abiria akatoka bila mkwaruzo, tunasema amepona. Hakuwa mgonjwa huyo, ameokoka tu. Maana hiyo hiyo imo katika "kuponea chupuchupu". Basi mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji na nusu kaputi ikamwisha, ndugu wakasema "alhamdulillahi, amepona", wamesema kweli: amevuka hatari. Tatizo ni kwamba neno hilo hilo husindikizwa hadi nyumbani, na likifika huko limeshageuka kuwa ruhusa ya kufua.

"Nafuu" halina utata huo. Ni la asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na manufaa na kunufaika. Sokoni tunalitumia vizuri kabisa: bei nafuu ni bei iliyopungua, na hakuna anayeisikia akadhani anapewa bure. Ndugu yake "ahueni" ni wazi zaidi, kwa kuwa linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya "jepesi zaidi", yaani ulinganisho umo ndani ya neno lenyewe. Ana ahueni: kuliko jana, kuliko juzi. Inanishangaza kwamba lugha imetupa maneno mawili yanayofaa kwa hali hii, nasi tunayaruka kukimbilia la tatu.

Na kidonda je, si kimefunga? Ngozi imefunga, ndiyo. Tabaka lake la juu hushikana ndani ya siku 2 hivi. Chini yake kuna mafuta, kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, na kwa aliyeondolewa kizazi pamoja na shingo yake, kuna mshono juu kabisa ya uke ambao hakuna kioo kitakachomwonyesha. Ngozi yenyewe iliyoungana, ikifika wiki ya 3 nguvu zake bado hazijafika theluthi moja ya zile za awali. Kwenye miezi 3 hukaribia asilimia 80, na hapo ndipo huishia. (Kwa ukali wa maana, basi, kovu halifikii uzima wa zamani. Sitalifikisha neno huko.)

Wanaodanganyika zaidi ni waliofanyiwa upasuaji kwa matundu madogo. Tumboni kuna alama tatu au nne za kufunikwa na kidole, na kweli kazi nyepesi wengi wao huzirudia mapema, hata baada ya wiki chache, wakati aliyepasuliwa tumbo huhesabu wiki 6 hadi 8. Lakini kama kizazi kimetolewa chote, ule mshono wa ndani ni uleule. Kunyanyua vitu vizito na tendo la ndoa havipimwi kwa urefu wa kovu; tendo la ndoa kwa kawaida husubiri wiki 6 kwa uchache, mara nyingi zaidi, hadi daktari aridhike.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili: kwa kuwa hajapona, alazwe asiguse sakafu. Hapana. Kutembea taratibu kuanzia siku za mwanzo ni sehemu ya tiba, kwani damu isiyotembezwa huweza kuganda miguuni. Nafuu nayo haipandi kama ngazi. Leo anacheka, kesho anachoka kwa kuoga tu, na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni homa ya nyuzi 38 na zaidi, damu nyingi ukeni, uchafu unaonuka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kubana. Hapo si suala la kuchagua neno, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kwa wema tu: ukienda kumwona, usimwulize "umeshapona?" Swali hilo limeshamjibia, naye kwa adabu ataitikia ndiyo. Mwulize "unaendeleaje?", kisha mwache ajibu mwenyewe.