Saratani ya kinywa kanda ya kati: tunaihesabu ikiwa imeshachelewa

Ukitaka kujua saratani ya kinywa na koo ikoje Dodoma na Singida, mahali pa mwisho pa kuanzia ni wodini. Nasema hivi nikiwa daktari wa kinywa ambaye nusu ya kazi yake ni upasuaji, na nusu nyingine ni utafiti wa vidonda ambavyo bado havijawa saratani. Mafaili ya wodini yanakuonesha nani alifika. Hayakuoneshi nani anaumwa. Aliyefika ni yule aliyepata ng'ombe wa kuuza, au mwenye kijana wake mjini, au ambaye maumivu yamezidi mpaka uji haupiti. Yule wa Mpwapwa ndani ndani, wa Bahi, wa Manyoni, mwenye utando mweupe usiomuuma nyuma ya mdomo wa chini, hana faili popote. Na huyo ndiye ninayemtaka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Zaidi ya saratani 9 katika kila 10 za kinywa hutokea kwenye ngozi laini inayofunika mashavu kwa ndani, ulimi, chini ya ulimi na fizi. Ngozi hiyo hujifanya upya haraka, ndani ya wiki mbili hivi, ndiyo maana ukijing'ata au ukiungua na chai unapona kabla hujasahau. Kwa hiyo kidonda kikivuka wiki mbili, na jino lililovunjika au meno ya bandia yaliyokuwa yanakichubua yameshashughulikiwa, hicho si cha kusukutua na maji ya chumvi tena. Mwaka 2022 watu takribani 390,000 duniani waligundulika na saratani ya midomo na kinywa. Wagonjwa wengi huishi na dalili kwa miezi, na mwanzoni dalili yenyewe mara nyingi haina maumivu.

Hapo pa kutouma ndipo penye kazi. Baka jeupe lisilofutika, ambalo huwezi kulieleza kwa ugonjwa mwingine, tunaliita lukoplakia, jina alilolitumia daktari Ernst Schwimmer wa Hungaria mwaka 1877. Ukilipangusa kwa gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) likatoka, mara nyingi hizo ni fangasi, na swali linalofuata ni kuhusu kinga ya mwili, kisukari au dawa anazotumia mgonjwa. Lisipotoka, tunakaa chini tuongee. Lakini nitasema wazi: mabaka meupe mengi hayageuki kuwa saratani hata siku moja, na kumtia mtu hofu kwa kila weupe ni ukatili. Linalonitoa jasho ni baka jekundu, laini kama mahameli. Mwaka 1975 watafiti Shafer na Waldron walichapisha uchunguzi wa mabaka mekundu 65 yaliyokatwa vinyama, yaani vipande vidogo vya kupimwa maabara: asilimia 51 yalikuwa tayari saratani iliyozama, asilimia 40 yalikuwa hatua moja tu kabla ya hapo. Yaliyobaki nayo hayakuwa salama. Na wekundu juu ya ngozi nyekundu, kwa mwanga wa dirisha la zahanati, ni rahisi sana kuupita.

Kuangalia kinywa hakuhitaji mashine. Tochi ya simu inatosha, gozi, glavu na kioo kidogo kama kipo. Mgonjwa avue meno ya bandia kwanza; inashangaza wangapi huchunguzwa nayo yakiwa ndani. Unashika ncha ya ulimi kwa gozi, unauvuta taratibu kulia, kisha kushoto, ukitazama ubavu wake mpaka nyuma kabisa kwenye magego, kwa sababu huko ndiko saratani ya ulimi hupenda kukaa na ndiko mgonjwa hawezi kujiona kwenye kioo. Kisha anainua ulimi ugonge kaakaa, unatazama chini yake. Halafu kidole kimoja ndani, vingine nje chini ya taya, unapapasa. Jicho likidanganywa, kidole mara nyingi hakidanganywi: kidonda cha kawaida ni laini pembeni, cha saratani kina ukingo mgumu ulioinuka. Unamalizia shingoni, ukitafuta tezi ngumu, isiyouma, iliyogoma kusogea. Ni dakika tatu au nne.

Sasa ugoro. Mzee amekaa kwenye kiti, nimeshamwambia shikamoo babu, ameitikia marahaba mjukuu wangu. Faili lake la rufaa limeandikwa "havuti". Ni kweli, havuti. Namuuliza ugoro upo wapi, anacheka, anatoa kikopo kwenye mfuko wa shati. Nikivuta mdomo wake wa chini naliona baka pale pale anapouweka, jeupe-kijivu, limekunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Fomu nyingi za hospitali zina nafasi ya sigara na nafasi ya pombe. Ugoro hauna pake. Ndivyo mtu aliyeweka tumbaku mdomoni tangu ujana anavyoingia kwenye takwimu kama mtu asiyetumia tumbaku kabisa, halafu mtu anakaa mezani, anapiga hesabu, anaandika kwamba nusu ya wagonjwa wetu "hawana sababu inayojulikana".

Kwenye dodoso letu tuliacha kuuliza ndiyo au hapana. Tunauliza unaweka upande gani, unakaa nao muda gani, unalala nao, nani anausaga, umechanganywa na nini. Hilo la mwisho lina uzito wake. Ugoro wetu mara nyingi huchanganywa na magadi, na magadi si kiungo tu. Yanapandisha ualkali wa mchanganyiko, nikotini inaachia na kupenya haraka kwenye ngozi ya mdomo, mtu anapata "moto" wake na kurudia kesho. Kinacholeta saratani hasa ni kemikali za tumbaku ziitwazo nitrosamini, ambazo huzaliwa jani linapokaushwa na kuvundikwa, na kiwango chake hutofautiana mno kutokana na aina ya jani na namna lilivyohifadhiwa. Wasudani wametutangulia hapa: tumbaku yao ya kuweka mdomoni, tumbaki, inayochanganywa na chumvi ya aina ya magadi, ilipimwa maabara na kukutwa na nitrosamini nyingi kupita kiasi, na uhusiano wake na saratani ya kinywa umeandikwa vizuri. Huwezi kuchukua matokeo ya Khartoum ukayabandika Kondoa. Ugoro wa Kondoa inabidi upimwe wenyewe, kikopo kwa kikopo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lenyewe limeshahitimisha kwamba tumbaku isiyo ya moshi husababisha saratani kwa binadamu. Kinachobaki ni kujua yetu ni kali kiasi gani.

Pombe nayo haijumlishwi na tumbaku, inazidishwa. Anayetumia vyote viwili yuko kwenye hatari kubwa kuliko jumla ya hatari mbili. Na hapa Dodoma naomba niwakere wapenzi wa zabibu: mvinyo wetu, hata ule mtamu wa kujivunia mbele ya wageni, kilevi chake ni kile kile kilichomo kwenye pombe ya mtama na gongo. Mwili unakigeuza kuwa asetaldehidi, kemikali inayoleta saratani, na hiyo haiulizi chupa ilitoka wapi.

Je, kuwatafuta watu kabla hawajaumwa kunaokoa maisha, au ni sisi watafiti tunajipa kazi? Jibu bora tulilonalo linatoka Kerala, kusini mwa India, eneo la Trivandrum. Kuanzia mwaka 1996, watu karibu 192,000 wenye umri wa miaka 35 na zaidi waligawanywa kwa makundi. Upande mmoja walikaguliwa vinywa na wahudumu wa afya waliofundishwa, si madaktari, upande mwingine waliachwa na huduma ya kawaida. Matokeo yaliyotoka mwaka 2005 yalionesha kuwa kati ya watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34. Kwa watu wote kwa pamoja, tofauti haikuwa thabiti kitakwimu. Wenzangu wengi hunukuu ile 34 na kunyamaza. Mimi naona sentensi ya pili ndiyo inayotufaa zaidi: usipange foleni ya kila mtu, nenda walipo watumiaji. Kwetu hao ni wazee wa mnadani. Mnada wa Msalato, au soko la mahindi la Kibaigwa, vitakupa watumiaji wa ugoro wenye umri unaotakiwa wengi kwa asubuhi moja kuliko kliniki yangu kwa msimu mzima. Meza, tochi, glavu, na mhudumu wa afya wa kijiji anayejulikana. Wazee hao tayari hukaa, huongea, na vikopo viko mfukoni.

Kinachofuata baada ya kuona ni kukata kinyama, na hapa ndipo utafiti wetu mwingi hufia. Kwanza kuna hofu: "Saratani ikiguswa na wembe inasambaa." Ninavyoelewa, hofu hiyo inatokana na mpangilio wa matukio. Mtu anafika akiwa na kidonda kilichokwishazama, anakatwa kinyama, anafariki baada ya miezi michache, na kijiji kinakumbuka wembe. Hakuna anayekumbuka ule mwaka aliokuwa anatafuna dawa za maumivu. Kubishana na hofu hii hakusaidii. Kinachosaidia ni kumwonesha aliyekatwa akapona, akiwa hai, anaongea Kigogo chake vizuri.

Pili ni chupa. Nimeshapokea kutoka kituo fulani kinyama kilichosafiri ndani ya spiriti, kimekauka na kusinyaa, na kingine ndani ya maji ya dripu, kimeoza. Vyote viwili havisomeki. Kinatakiwa formalini ya asilimia 10, ya kutosha, walau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kata ukingoni, penye mpaka wa kidonda na ngozi nzima, na uingie kwa kina; usichukue katikati ambako kumejaa uozo tu. Jina liandikwe kwenye chupa, si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana njiani. Na kwa nini nasisitiza kina? Tangu toleo la nane la mfumo wa kupanga hatua za saratani lilipoanza kutumika mwaka 2018, uvimbe wa kinywa haupimwi kwa upana peke yake. Wenye upana wa sentimita 2 unaweza kupanda hatua kwa sababu umezama zaidi ya milimita 5. Huo ni upimaji wa daktari wa patholojia chini ya hadubini, na kinyama cha juu juu hakimpi hata pa kuanzia.

Kuhusu koo nitasema kwa kifupi, ingawa lina vituko vyake. Mgonjwa mwenye kukwama kwa chakula au sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, kwetu mara nyingi hupitia kwanza kwa fundi wa kukata kimeo. Kimeo kinakatwa, kohozi linapungua kwa siku mbili, uvimbe uliopo kwenye zoloto (kisanduku cha sauti) au kwenye umio (njia ya chakula) unaendelea kukua bila kuguswa. Kimeo hakileti saratani wala hakiizuii, na kukikata huacha damu, maambukizi na muda uliopotea. Kitu kingine: kule Marekani sehemu kubwa ya saratani za mafindofindo na mzizi wa ulimi, kama asilimia 70, hutokana na virusi vya HPV, hasa aina ya 16. Tafiti nyingi za Afrika zimekuta sehemu ndogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo maabara zetu zikitumia kipimo cha p16 (protini inayoongezeka kwenye seli zilizoathiriwa na HPV) peke yake kutangaza "hii ni ya HPV", zitadanganyika mara nyingi kuliko za wenzetu, kwa sababu virusi vinapokuwa adimu, majibu chanya ya uongo huongezeka kwa uwiano. Inabidi virusi vyenyewe vitafutwe. Chanjo ya HPV, ambayo Tanzania iliianza kitaifa mwaka 2018 kwa ajili ya mlango wa kizazi na mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, inategemewa kukinga koo pia. Msichana wako akiletewa shuleni, saini fomu.

Anayekutwa na saratani ya mapema mara nyingi tunamalizana naye kwa upasuaji. Aliyechelewa anahitaji mionzi, na hapo tunazungumzia Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Treni ya SGR iliyofika Dodoma mwaka 2024 imefupisha safari, lakini tatizo halijawahi kuwa safari. Mionzi ni wiki sita au saba, siku tano kila wiki. Mgonjwa anauliza atalala wapi, na swali hilo halina jibu kwenye kitabu chochote cha tiba nilichosoma.

Mwenye baka la ugoro pekee, lisilo na wekundu wala ugumu, huwa simkimbilii na kisu. Jeshi la anga la Marekani liliwahi kuwafuatilia makuruta wenye mabaka ya tumbaku ya mdomoni waliolazimika kuacha tumbaku yote wakati wa mafunzo; baada ya wiki 6 karibu mabaka yote yalikuwa yametoweka. Hao walikuwa vijana, wazee wetu wana miaka mingi ya ugoro mdomoni, lakini kipimo ni kile kile. Namwomba babu aache kwa wiki sita. Akigoma kabisa, aniachie japo upande ule upumzike. Nalipima baka kwa rula, nalipiga picha, namwandikia tarehe ya kurudi na nachukua namba ya mjukuu anayeshika simu. Likitoweka, tunaendelea kulichungulia kila anapokuja mjini. Likibaki vile vile, siku hiyo hiyo nachukua kinyama.