Alama Unazo, Nafasi Bado: Kabla Hujaomba Shahada ya Kwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, foleni ya ofisi yetu ya udahili hujaa watu wenye swali moja: "Nimepata daraja la pili, mbona sijachaguliwa?" Wana haki ya kuuliza, ila chuo hakidahili daraja. Tunachotazama ni pointi za masomo yako ya tahasusi, yaani mchepuo uliousoma kidato cha tano na sita, na zaidi ya pointi, ni masomo yapi yamezileta.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ni masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. Kwa aliyemaliza mwaka 2016 na kuendelea, D mbili zinamfikisha hapo. Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani yao, kwa sababu miaka hiyo kulikuwa na B+ na D ilikuwa na pointi 1 tu, kwa hiyo wao wanatakiwa wawe na C mbili. Ndiyo maana kaka na mdogo wake wanaweza kuleta vyeti vyenye herufi zilezile, mmoja akapita na mwingine akakwama.

Sasa tumchukue mwombaji wa PCB mwenye C ya Biolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia. Anajumlisha: 3, 2 na 1, jumla 6. Amesikia udaktari wa tiba unataka pointi 6 za masomo matatu, basi anaujaza kuwa chaguo la kwanza, na pengine la pili na la tatu katika vyuo vingine. Hakusoma mstari unaofuata, unaosema kila somo kati ya hayo matatu lisishuke chini ya D. E ya Fizikia imemfungia mlango, hata kama jumla yake ni sahihi. Kijana huyohuyo angeweza kupata kozi nzuri ya sayansi inayoangalia Biolojia na Kemia peke yake, lakini hakuiomba, na mfumo hauna namna ya kumkisia anachopenda.

Mstari huo uko kwenye Mwongozo wa Udahili ambao TCU huutoa kila mwaka na kuuweka kwenye tovuti yake bila malipo. Ipo miwili, mmoja wa wenye kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada na sifa linganifu. Soma wa mwaka huu, tena wenyewe, si picha iliyopigwa ukurasa mmoja ikazungushwa WhatsApp. Angalia hasa sehemu inayoonyesha idadi ya nafasi. Kutimiza sifa kunakuingiza kwenye ushindani tu. Kozi yenye nafasi 50 ikiombwa na watu 900 wenye sifa, 850 watabaki nje, na kati yao wamo wenye alama nzuri tu. Kwa hiyo machaguo yako yasiwe yote ya kozi zinazogombaniwa. Na programu usiyoiona kwenye Mwongozo, usiilipie ada hata kama bango lake limependeza namna gani.

Wazazi wengi bado hutuambia mtoto "amejaza TCU". Huo ulikuwa utaratibu wa zamani, wa mfumo wa pamoja uliokoma mwaka 2017. Siku hizi mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kupitia mfumo wa chuo husika, na anaweza kuomba zaidi ya kimoja. Hakuna wakala anayehitajika hapo katikati.

Linalonisikitisha kuliko yote ni la simu. Mwombaji anakwenda steshenari, yule kijana wa kompyuta anamfungulia akaunti kwa barua pepe aliyoitunga palepale, na kwa haraka anaweka namba yake mwenyewe ya simu. Wiki kadhaa baadaye majina yanatoka, mwombaji amechaguliwa vyuo viwili. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi au barua pepe. Ujumbe umeingia kwenye simu ya mtu wa steshenari, ambaye hata hakumbuki ni wa nani! Mwenyewe yuko nyumbani, anasherehekea. Akiwahi, anaweza kuingia kwenye akaunti yake ya chuo na kuomba namba hiyo itumwe upya, ila nenosiri nalo analo yule yule kijana. Kaa naye kwenye kiti cha pembeni, andika namba yako, barua pepe yako na nenosiri lako kwenye daftari.

Wenye stashahada wana jambo lao la ziada, nalo ni namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Iombeni mapema, kwa sababu matokeo yako yasipokuwa yamefika huko kutoka chuo ulichosoma, utakuwa unafuatilia ofisi mbili huku dirisha la udahili linafungwa. Aliyesoma sekondari nje ya nchi aanzie Baraza la Mitihani kupata ulinganifu wa vyeti vyake.

Mkopo ni ombi jingine kabisa. Kuchaguliwa chuo hakukuombei mkopo; unaomba mwenyewe Bodi ya Mikopo, HESLB, na cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au na mwenzake ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar. Namba ya mtihani wa kidato cha nne utakayoitumia huko iwe ileile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani ndio hujichanganya hapa: chuoni ameandika namba ya shule inayoanza na S, Bodi ameandika ya mtahiniwa wa kujitegemea inayoanza na P. Mifumo ikikutanishwa inaona watu wawili, mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana mkopo hana chuo.